Katoni Ishirini za Maji ya Walima



Leo sina mapishi wala picha za hina. Nataka kuwasimulia ugomvi wangu wa kwanza na mama mkwe, uliotokea siku mbili kabla ya walima wangu, na chanzo chake kilikuwa maji ya kunywa. Nimekaa nao moyoni mwaka wa tatu sasa. Mwenyewe kaniruhusu niuandike, ila kasema nisimtaje jina, na nisisahau kusema kwamba pilau siku ile lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri.

Mie ni mtoto wa Jambiani, nimeolewa na Mzigua wa Handeni ambaye kazi yake iko Korogwe. Nikaha ilisomwa kwetu Unguja, walima ukapangwa kwao. Tukavuka kwa boti hadi Dar, tukapanda basi, Chalinze, Mkata, mpaka Handeni mjini: mie, somo yangu, shangazi zangu wawili na mabegi yasiyo na hesabu. Tukapokewa kwa vigelegele. Asubuhi yake naingia stoo kutafuta beseni, nakuta katoni za maji ya chupa zimepangwa mpaka usawa wa dirisha. Katoni ishirini, zile chupa ndogo za nusu lita. Pembeni sahani za kutupa, vikombe vya kutupa, vijiko vya kutupa.

Hapo ulimi ukanitangulia. Nikamwambia mama, mbele ya wifi zangu, kwamba kwetu sisi hatufanyi hivi, kwamba chupa zote zile mwisho wake ni baharini, zinakwenda kumuua kasa. (Uongo mtupu kwamba kwetu hatufanyi. Harusi za Unguja ninazozijua mie zina chupa kuliko wageni.) Bibi harusi ana siku moja tu katika nyumba, hina haijafifia, anamfundisha mkwe wake!

Mama hakupandisha sauti. Alikaa juu ya kigoda chake, akanitazama kwa muda, akasema: "Mwanangu, wewe umezaliwa umezungukwa na maji. Mimi hapa Handeni nimeamka saa tisa usiku kufuata maji tangu nikiwa binti, hadi nikazaa mtoto wa nne. Sasa wageni wangu nikiwapa maji ya kisima wakaumwa matumbo, huyo kasa atakuja kunisaidia kuomba radhi?" Kisha akarudi kwenye mchele wake.

Sikuwa na jibu. Walima ukafanyika, maji yakanywewa, chupa zikazagaa uwanjani, na mie nimekaa kwenye kiti changu na dhahabu zangu ninazihesabu kwa macho.

Niwaeleze kwa nini nilisema vile. Mama yangu mzazi analima mwani. Kilimo hiki kilianza kushika kasi kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanawake wengi wa Jambiani, Paje na Bwejuu wamejengea nyumba na kusomeshea watoto kwa fedha yake. Nikiwa skuli nilikuwa nashuka naye pwani maji yakitoka. Sehemu ya kazi ilikuwa kuvua taka kwenye kamba za mwani: mifuko, vipande vya nyavu, ndara za mguu mmoja, chupa zenye maandishi ya lugha ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, na Bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019. Mifuko ilipungua kweli, hilo nalishuhudia kwa macho yangu. Vilivyobaki havikupungua.

Basi nilikuwa nikiangalia sana kwenye simu zile video za mitambo ya kusafisha bahari. Yule kijana wa Kiholanzi, Boyan Slat, alianzisha shirika lake la The Ocean Cleanup mwaka 2013 akiwa na miaka 18. Nilivutiwa mno. Nikawa najiambia, alhamdulillahi, yuko mtu anasafisha, wataalamu wameshalishika jambo hili. Mawazo ya namna hiyo yana raha yake. Unaweza kuiona chupa imelala njiani ukaipita, kwa sababu kuna meli mahali fulani itakuja kuichukua.

Baada ya fungate tukahamia Korogwe. Nyumba yetu haiko mbali na mto Pangani, ule ule ambao huko juu unaitwa Ruvu, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru na kuja kumwaga baharini pale Pangani mjini. Kwa mtu wa kisiwani, mto ni kitu cha ajabu. Sisi Unguja tuna vijito tu. Jioni nikawa namwomba mume wangu anipeleke darajani nikautazame, kama watu wanavyokwenda Forodhani kuitazama bahari.

Masika ya kwanza yakanifundisha. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi mto umekuwa mwekundu kama chai ya maziwa, umebeba kila kitu ambacho mitaro ya mji ilikuwa imekikusanya tangu vuli. Nilisimama darajani, mkono kwenye buibui nisipeperushwe, nikaona vinapita: pampasi, vifuko vya viungo, mikebe ya mtindi, ndara, vifuniko vya chupa vyekundu na bluu vikicheza juu ya maji kama maua. Sikuona kasa. Niliona kilometa nyingi za mto kabla ya kufika kwa kasa.

Nikamwambia mume wangu, "Si unaona? Haya ndiyo niliyomwambia mama." Akacheka. Akaniuliza, "Unajua mama anakunywa maji ya wapi?"

Mie nilidhani kisimani tu. Kumbe Handeni ina bomba kubwa linalotoka upande huu huu wa Korogwe, mradi mkongwe wanaouita HTM, unaosukuma maji ya mto Pangani kwenda kwenye vilima vya Handeni. Kwa hiyo kile kijito cha taka nilichokuwa nakionesha kwa kidole ni sehemu ya mto ule ule ambao mama mkwe wangu anausubiri kwenye ndoo. Alikuwa na kiu ya mto, akanunua mto mwingine ndani ya chupa, na chupa ikarudi mtoni. Siku ile nilimpigia simu. Sikuomba radhi moja kwa moja, sikuwa na ujasiri huo bado. Nilimuuliza hali ya magoti yake tu, naye akajua.

Ndipo nikarudi kwenye zile video, lakini safari hii kwa kusoma, si kwa kushangaa.

Lile eneo maarufu la taka katika Bahari ya Pasifiki, kati ya Hawaii na California, limekadiriwa kuwa na ukubwa wa kilometa za mraba milioni 1.6. Linaizidi Tanzania nzima, Bara na Visiwani, kwa zaidi ya nusu. Wala si kisiwa cha taka kama watu wanavyodhani, kwamba unaweza kusimama juu yake. Ni vipande vilivyotawanyika, vingi vidogo kuliko ukucha. Septemba 2018 Slat na wenzake walilikokota boya lao kutoka San Francisco, lina urefu wa mita 600 na sketi ya mita tatu chini yake, likakingame liwe kama mkono unaokusanya. Plastiki iliingia, kisha ikatoka tena. Mwisho wa Disemba kipande cha mita 18 kikakatika, mtambo ukavutwa hadi Hawaii kwa matengenezo. Hawakukata tamaa, na hilo ninawaheshimu kwalo. Walibadilisha mara kadhaa, na baadaye meli mbili zikawa zinakokota wavu mrefu baina yao, taratibu, kama wavuvi wetu wanavyokokota juya. Walipata mzigo kweli. Wapo wataalamu wa viumbe wa baharini wanaolalamika kwamba juya hilo linachukua pia vidudu laini vinavyoishi juu ya maji. Mtoto wa mvuvi haelezwi zaidi hapo, juya halichagui.

Kuna jambo jingine nililigundua jikoni kwangu, na nyote mnaweza kulijaribu. Chukueni beseni la maji. Kateni kipande cha chupa ya maji, kizamisheni chote. Kinakwenda chini. Kisha tupieni kifuniko chake: kinaelea. Ni plastiki mbili tofauti. Chupa inaelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani tu. Ikishajaa maji au ikichanika inazama. Kwa hiyo mtambo unaopita juu ya bahari kusafisha walima wangu ungeokota vifuniko, na chupa nyingi zingekuwa zimeshalala chini zamani, pahala ambapo hakuna juya litakalofika. Nilikaa mbele ya lile beseni muda mrefu, mpaka wali ukashika ukoko.

Hao hao The Ocean Cleanup nao walifika hapo. Mwaka 2019 walionesha chombo cha mtoni, kinachokinga taka kwenye mkondo na kuzipandisha kwenye makontena, na walikwishaviweka vya kwanza Indonesia na Malaysia. Mwaka 2021 ukatoka utafiti walioshirikiana nao uliosema kwamba mito kama 1,000 ndiyo inayoleta asilimia 80 ya plastiki inayofika baharini kwa njia ya mito. Zamani ilidhaniwa ni mito michache mikubwa mno. Kumbe midogo inayopita katikati ya miji ina lake. Na kabla yao, mji wa Baltimore kule Marekani una gurudumu lake tangu 2014, linazungushwa na mkondo wa mto wenyewe na umeme wa jua, linazoa taka kwenye mlango wa mto na kuzitia kwenye jahazi la chuma. Wamelibandika macho makubwa ya kuchekesha, watoto wanalipenda.

Nikajiuliza, nani ataleta gurudumu Korogwe? Hakuna. Mji wetu ni mdogo, fedha hizo zinakwenda Jakarta. Lakini mto huu, kabla ya kufika baharini, unapita kwenye vituo viwili vya umeme, Hale, kilichoanza 1964, na New Pangani Falls, cha 1995. Mitambo ya umeme wa maji kwa kawaida huwekewa nondo zilizopangwa kama chanuo pale maji yanapoingia, ili magogo na taka visiharibu mashine. Na chanuo likijaa lazima lisafishwe, maana maji yasipopita hakuna umeme. Inanichekesha kufikiri kwamba teknolojia ya kukinga taka mtoni tunayo siku nyingi. Ila iliwekwa kwa ajili ya kuilinda mashine. Mto ukifurika, maji yanapita juu ya ukuta na kila kitu chake.

Na yakishafika baharini yanakwenda wapi? Hapa niwakiri kitu. Mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini. Taka za mto Pangani zina njia ya Tanga, ya Pemba, ya Kenya. Jambiani kwa mama yangu ni kusini, haziendi kirahisi. Zile chupa za maandishi ya kigeni alizokuwa akizivua mama zililetwa na mkondo mwingine kutoka mashariki ya mbali. Kwa maneno mengine, ile hoja yangu yote pale stoo, ya mama yangu na mwani wake, haikuwa sahihi. Katoni za walima wangu hazikumfikia mama yangu. Zikifika, zinamfikia mama wa mtu mwingine, labda Mpemba, aliyeinama kwenye kamba zake anashangaa hivi vifuniko vinatoka wapi. Huyo simjui, na nilijishika nikiona kwamba kutomjua kulinipunguzia hasira. Sikuipenda nafsi yangu hapo. Sote tulisomeshwa chuoni thawabu ya kuondoa kinachodhuru njiani. Sikumbuki mwalimu kutuuliza kama anayepita njia hiyo tunamjua.

Mwezi mmoja nikawa nautazama mtaro ulioko mbele ya nyumba yetu kila nikitoka sokoni. Chupa tupu hazikai. Vijana wanazipitia na viroba vyao, wanaziuza kwa kilo. Handeni ndiyo kabisa: chupa tupu ina kazi, inawekwa asali, mafuta, maziwa, mbegu. Kinachobaki mtaroni ni kile ambacho hakuna anayekinunua: pampasi, vifuko laini, mikebe iliyovunjika, ndara zilizokatika. Yaani nilimfokea mama mkwe kwa ajili ya chupa, na chupa ndiyo yenye nafuu. Sahani na vikombe vya kutupa nilivitaja kwa kupita tu, na hivyo ndivyo ambavyo hakuna mtu aliyeviokota.

Ndara zilinikumbusha Flipflopi. Wengi wenu mtaikumbuka ile dau ya rangi rangi iliyokuja Unguja mwanzoni mwa 2019 kutoka Lamu. Nilikwenda kuiona. Ina urefu wa mita 9, imejengwa na mafundi wa Lamu wakiongozwa na fundi Ali Skanda, kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, na ubavuni imevikwa vipande vya ndara zipatazo 30,000. Waliiyeyusha plastiki wakaifanya mbao, wakaichonga kwa mbinu zile zile za mababu. Siku ile nilipiga picha tu kwa ajili ya rangi zake. Leo ninachokiona ni kwamba mtu aliipa kazi ndara iliyokatika, na ilipopata kazi ikatoka ufukweni.

Nilipokwenda Jambiani kusalimia nikamsimulia mama yangu haya yote, nikitegemea anisifu. Alikuwa anafunga mbegu za mwani. Akanyoosha mkono akanionesha alichokuwa akifungia: taitai, vile vikamba vya plastiki. Mamia kwa shamba moja. "Na hizi zikikatika zinakwenda wapi?" akaniuliza. Miaka yote ile nimeshika taitai mikononi, sikuwahi kuzihesabu kuwa taka kwa sababu ni zetu.

Mwaka huu wifi yangu mdogo kaolewa, na walima umekuwa pale pale Handeni. Safari hii nilikwenda mapema, nikakaa jikoni na mama, nikauliza badala ya kusema. Nilikuwa na mpango wangu mzuri: madumu ya lita 20 ya kurudisha, majagi, glasi za kuazima kwa kina mama wa madrasa. Mama akasikiliza, akauliza swali moja. "Glasi mia tatu tutaziosha kwa maji gani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mji wenye shida ya maji, kuosha vyombo ni gharama. Bibi harusi unayesoma hapa na unaishi penye shida ya maji, usikubali mtu wa pwani akupangie walima kabla hajakujibu swali hilo.

Tulibishana siku tatu, kwa heshima, na kicheko kidogo. Sahani za kutupa alizikataa mwenyewe bila mimi kusema. Tukapakua kwenye masinia, watu wanne wanne, kama zamani, vyombo vikapungua kuwa robo. Vijiko havikuhitajika, watu walinawa na kula kwa mkono. Maji ya madumu na glasi yakawa kwa wanawake ndani, ambako wasichana waliweza kuosha kwa zamu na mabeseni mawili. Uwanjani kwa wanaume na wazee waliosafiri mama alibaki na chupa. Katoni nane. Nilitaka tano, akasema nane, na nane ndizo zilizokuwa. Shangazi mmoja wa bwana harusi alilalamika kwamba glasi yake ina harufu ya sabuni, na huenda ni kweli.

Watoto tuliwaahidi andazi moja kwa kila vifuniko kumi, wakamaliza uwanja kabla ya adhana ya laasiri. Mmoja alikutwa anafungua chupa ambazo hazijanywewa.

Kijana wa chupa alikuja kesho yake, akapima, akalipa, akaondoka. Vifuniko akaviacha, kasema mnunuzi wake anavikataa. Basi viko kwangu Korogwe, kwenye kiroba nyuma ya mlango wa jikoni, pamoja na ndara mbili zilizokatika ambazo mume wangu anauliza kila siku zinasubiri nini. Mama ananipigia simu kila Ijumaa baada ya sala. Tunaulizana magoti, mvua, kama maji yametoka wiki hii. Kisha anauliza, "Na vile vifuniko vyetu, mnunuzi kapatikana?"

Bado, mama.